Chupa ya Maji ya Mukuvisi

Povu la manjano lilishuka mto Mukuvisi asubuhi, likamkuta Ropafadzo ndani ya maji hadi magotini. Alimkamata mdogo wake mkono, akamburuta ukingoni.

"Niache! Hata sijapiga mbizi!" Tafara alifoka.

"Miguu hiyo huioni?"

Vidonda vilikuwa vimempanda hadi mapajani. Nesi aliwakataza kuoga mtoni. Hakusema waogee wapi. Mifereji ya mtaani ilikuwa mikavu tangu Pasaka.

Siku hiyo shule nzima iliteremshwa mtoni kuokota takataka, maana mheshimiwa alikuwa anakuja na wapiga picha. Watoto waligawiwa glavu mpya, wakaonywa wasizichafue.

Ropafadzo alizichafua. Alizunguka nyuma ya matete, mahali bomba la kiwanda cha ngozi lilipomwaga majitaka, akakinga chupa mpaka ikajaa. Akapenya katikati ya wageni, akaitua mezani, kando ya juisi zao.

Mheshimiwa alirudisha kiti nyuma. "Binti, hii umeitoa wapi?"

"Kwenye bomba la kiwanda, baba. Njoo nikuonyeshe. Si mbali."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna mtu. Mdogo wangu anaoza miguu."

"Na mama yako yuko wapi, nyinyi mkichezea uchafu?"

"Yuko kazini. Hukohuko kiwandani, anakwangua ngozi."

Mwalimu mkuu alikuwa ameshaanza kumvuta. Mgeni mmoja, meneja aliyevaa koti lenye nembo ya kiwanda, akamzuia kwa mkono. Akainama, akatabasamu.

"Mwache mtoto. Mama anaitwa nani, mpenzi?"

Ropafadzo alipiga goti, kama alivyofunzwa kwa wakubwa, akamtajia jina lote.

Ijumaa mama alirudi kabla ya adhuhuri, amebeba buti zake za mpira kwapani. Aliketi mlangoni bila kuzitua.

"Na jina la ukoo ulilitaja?"

"Aliniuliza vizuri, mama."

Mama hakumpiga. Ropafadzo angependa ampige.

Wiki iliyofuata waliletwa mafundi. Wakasimika ua wa waya upande wa mtaa, na kibao: WATOTO MARUFUKU MTONI. Joto la Oktoba likawatoa watoto majumbani. Wakazurura kandokando ya waya, wakiutikisa, wakiuachia, wakiutikisa tena.

"Tokeni hapo, nyie panya!" mlinzi akapiga kelele. Alikuwa amepewa kiti na fimbo. Kiti kilielekezwa kwenye nyumba zao. Nyuma ya mgongo wake bomba liliendelea kumwaga, na hakuna aliyemwagiza ageuke.