Baba Mkwe wa Kwenye Karatasi

Habari za ndoa ya binti yake zilimkuta Fundi Friji amelala kifudifudi sebuleni, kichwa kimeingia nyuma ya friji ya mteja, bisibisi kaibana kwa meno. Sebule hiyo ndiyo karakana yake. Makochi yalishahamishwa zamani, na mgeni akifika hukaa juu ya friji iliyolazwa chini, akawa anahamahama kila fundi anapohitaji kipuri kilichomo ndani.

Sauti ya binti ilitokea jikoni, nyuma ya pazia. Alikuwa kwenye simu na alikuwa mkali.

"Wewe ni mume wa aina gani? Mtoto anaumwa, mimi niko zamu, na wewe unaniambia uko uwanjani unacheza mpira?"

Fundi alitoka kule nyuma kinyumenyume, kwa haraka, akajigonga kisogo kwenye kompresa. Mume. Mtoto. Aliitema bisibisi, akaingia jikoni huku kashika kichwa, na binti alipomwona tu akajua kuna maelezo ya kutoa.

Akaeleza. Pale chuoni kwao wana somo linaitwa Familia na Mahusiano ya Karibu, na mkufunzi wake, ambaye wanafunzi wanamwita Mama Mahusiano, hafundishi kwa kusoma tu. Amewaozesha darasa zima kwa kura. Majina yalitiwa kwenye kopo la biskuti, yakachanganywa, yakatolewa mawili mawili, na kila waliotoka pamoja ni mume na mke mpaka muhula uishe. Kila wiki wanaokota mkasa kutoka kopo lingine: leo mtoto anaumwa, kesho mmoja kaachishwa kazi, nao wanakaa, wanajadiliana, wanakwenda kueleza mbele ya darasa walivyoamua. Yeye kaangukia kwa kijana mmoja mrefu kupita kiasi, jina lake la darasani ni Ngongoti.

"Ni ndoa ya kwenye karatasi, baba," akasema. "Ni masomo."

Fundi alielewa vizuri sana. Hakuwa mjinga, shule aliiacha mapema lakini kusikia anasikia. Kilichomkera ni kingine. Akataka kujua nani aliyesema ndiyo kwa niaba yake. Hata karatasi ina wazee wake, alisema. Mtu na ofisi yake anaingiza mkono kwenye kopo la biskuti, anampa binti wa watu mume, na baba yupo, hai, anatengeneza friji, hata taarifa hana.

Lakini huyo ndiye fundi. Tangu mkewe afariki hakumwamini tena mtu yeyote mwenye meza na kiti cha kuzunguka. Siku mashine ya hospitali aliyofungwa mkewe ilipozima, wakubwa wa hospitali walikuwa kwenye semina ya namna ya kuhudumia wagonjwa. Hilo hakulisahau, na nani angemlaumu? Toka hapo kila baya alilitafutia mkurugenzi. Umeme ukikatika, mkurugenzi. Mvua ikichelewa anakaa mlangoni anauliza hivi hao wanaolipwa kwa ajili ya mvua wanafanya nini.

Sasa, chini ya maneno hayo yote kulikuwa na neno moja lililokuwa linamla moyo, na hilo halikuhusu Ngongoti. Lililetwa na dada yake, yaani shangazi wa binti, mwanamke asiyeweza kubeba siri hata umbali wa kuvuka barabara. Alifika siku moja, akakaa juu ya friji iliyolazwa, akasema, "Kaka, nimeapa sitasema, kwa hiyo sikiliza vizuri." Kisha akamwaga yote. Binti amepangiwa kazi kwenye kituo cha malezi ya watoto, mji wa mbali, safari ya kutwa nzima. Anatakiwa kujibu kabla ya Ijumaa kuisha. Hajui amwachie nani baba yake, na anaogopa hata kumwambia.

Fundi alisema tu kwamba hao waliompangia mbali walifumba macho wakachoma ramani kwa kidole. Akarudi kwenye kazi yake. Lakini usiku ule na siku zilizofuata alikuwa anasubiri aulizwe. Hakutaka binti aende, hilo alilijua kama anavyojua njaa. Ila zaidi ya hapo alitaka aulizwe, na binti hakuuliza. Walikula pamoja wakizungumzia chumvi.

Na hapa lazima isemwe jambo ambalo kila mtu wa nyumba ile analijua na mgeni halijui. Hapana ya kwanza ya Fundi Friji haihesabiwi. Ukimuuliza kama atakula, atasema hali. Unamwekea sahani. Ukimuuliza kama anaumwa, haumwi; unakwenda kununua dawa. Marehemu mkewe alikuwa akiuliza, akijibiwa hapana, anaendelea na shughuli zake kidogo, kukunja nguo au kuosha kikombe, halafu anauliza tena, na hapo ndipo jibu lenyewe linatoka. Hakuna aliyempangia utaratibu huo. Ndivyo alivyo tu. Watu wasiomjua wamemshindisha njaa mara nyingi. Kuna harusi moja ya jirani alisema hali, wakamwamini, akarudi nyumbani na tumbo tupu na wiki nzima akaisema vibaya kamati ya maandalizi.

Basi wiki ile Ngongoti na mkewe wa karatasi wakaokota mkasa wao wa mwisho. Ulisomeka hivi: baba wa mke ni mjane, anaishi peke yake, wanandoa waamue kama ahamie kwao au la. Uwasilishaji ni Alhamisi, na mwenye ndugu wa kumsaidia kuigiza anaruhusiwa kumleta.

Binti alimweleza baba yake huku amegeukia sinki, kana kwamba anaviambia vyombo. Akamalizia kwa kusema, "Hutakuja, sivyo?"

"Siji," alisema fundi. "Nina kazi."

Binti akasuuza sufuria, akaipangusa, akaitundika. "Kweli huji?"

"Nivae shati lipi?"

Alhamisi walikwenda watatu, maana shangazi alijialika mwenyewe. Alivaa viatu vya harusini na alitembea kama mtu anayekwenda kupokea mahari. Njiani fundi alitembea nyuma yao. Alikuwa na mpango. Alishapanga kwamba akiulizwa, atakohoa kidogo, atashika kiuno, atasema kwa unyonge kwamba ndiyo, atahamia kwa binti yake, kwa sababu mtu mzima hawezi kuachwa peke yake na mafriji. Darasa litahuzunika. Binti atasikia, na kesho yake atakwenda kuwaambia wale wa ramani watafute mtu mwingine. Hapo atakuwa amelijibu la kazi bila kusubiri binti amuulize, na hakuna atakayesema kamzuia mtu.

Darasa lilikuwa chumba kirefu chenye feni moja inayolia. Fundi aliisikia tangu mlangoni na ikamwasha vidole, akajizuia. Waliwekewa viti mbele. Ngongoti akaja kumsalimia, akamwamkia kwa heshima zote huku ameinama kama bomba la mvua, akamwita baba mkwe, na fundi aliitikia marahaba kabla hajakumbuka kwamba amemkasirikia. Shangazi alimkagua kijana juu mpaka chini, safari iliyochukua muda, akamnong'oneza kaka yake kwamba huyu angalau taa za nyumba hazitahitaji ngazi.

Ngongoti akaanza. Alieleza kwamba nyumba yao ya karatasi ina vyumba viwili, kwamba baba mkwe anapenda kufanya kazi zake sebuleni, kwamba yeye kama mume anaheshimu wazee lakini hana pa kuweka mafriji. Watu wakacheka. Akasema kwa hiyo wanaliacha mikononi mwa mzee mwenyewe, na Mama Mahusiano, mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, akamgeukia fundi na kumuuliza kwa upole kabisa: je, mzee, ungependa kuhamia kwa binti yako?

Fundi akakohoa. Akashika kiuno. Akafungua mdomo kusema ndiyo, na mdomo ukasema ulichozoea kusema.

"Siendi kuishi kwa mtu mimi."

Darasa likapiga makofi. Mama Mahusiano akashika chaki, akaandika ubaoni kwamba mzee anajitegemea na ana msimamo, akaupigia mstari huo msimamo. Ngongoti akaketi, amefurahi kama mtu aliyenusurika. Ikaitwa ndoa inayofuata.

Fundi alibaki na mkono kiunoni. Alikuwa anasubiri. Kwao hapo mtu angekunja nguo mbili tatu, halafu angerudi. Lakini hapa hakuna aliyekuwa na nguo ya kukunja, ubao ulishaandikwa, na mume na mke wengine walishasimama na karatasi zao. Alimtazama mwalimu, alimtazama Ngongoti, na taratibu akaelewa kwamba amefungiwa mlango kwa ufunguo wake mwenyewe. Shangazi akasema kwa sauti ya chini, bila kugeuza shingo, "Si ulisema. Sasa umesikilizwa."

Binti hakuwa ameketi. Alikuwa bado amesimama mbele, karatasi mkononi, anamtazama baba yake. Angeweza kuliacha hapo, na hakuna ambaye angemlaumu. Hapana ilishatolewa hadharani, tena kwa makofi. Angefunga begi lake kesho akiwa na darasa zima kwa ushahidi.

"Mwalimu, samahani," akasema. "Sisi hatujamaliza."

Mama Mahusiano alimwambia kwamba mzee ameshajibu. Binti akasema ndiyo, amejibu, ila kwao lile halihesabiwi, lile ni kama hodi. Watu wakacheka tena, na hao wenzake waliosimama wakarudi vitini. Binti akaikunja karatasi yake mara mbili, polepole, akaitia mfukoni. Ndipo akauliza, na hakuwa anasoma popote.

"Baba. Nimepangiwa kazi mbali. Najua shangazi kakwambia, maana nilimwapisha. Nikibaki, nitabaki vizuri, sitanuna. Nikienda, sijui utakula nini. Nakuuliza wewe. Niende?"

Fundi alitazama uso wa mwanawe na kuona jinsi unavyosubiri, umetulia, hauna haraka, namna mtu anavyomsubiri mtoto anayekataa dawa. Akagundua kwa aibu kubwa kwamba huyo mtoto ni yeye. Lile neno alilokuwa akilisubiri wiki nzima limeshafika, na lilipofika lilikuja na mzigo: sasa alitakiwa kujibu kweli. Kusema baki kulikuwa rahisi. Ndilo alilokuja nalo. Ila alipolitafuta alikuta limeisha hamu, kama mtu aliyepigania chakula na kupewa, akakuta kumbe alikuwa anataka tu akaribishwe.

Akashusha mkono kutoka kiunoni, akasahau hata kukohoa.

"Nenda," akasema. "Mimi nitakula. Shangazi yako huyu hapa hana kazi."

Shangazi aligeuza shingo safari hii. Alisema kwamba yeye hajawahi kuulizwa chochote, na kabla hajafika mbali na malalamiko yake Ngongoti alisimama, urefu wote, amejeruhiwa kwelikweli. Alitaka kuelewa. Mke wake anahamia mji mwingine, baba mkwe kabariki, shangazi kapangiwa upishi, na yeye mume anasikia pamoja na watu baki?

"Kaa chini, mwanangu," fundi akamwambia. "Hata mimi nilisikia nikiwa nyuma ya friji."

Mama Mahusiano akarudi ubaoni. Mwishowe aliufuta msimamo na mstari wake, akavaa miwani, akawapa alama nzuri na kisha kuwakata kidogo, kwa sababu familia ilijadili jambo lisilokuwemo kwenye mkasa. Fundi alisimama kupinga. Alisema hivyo ndivyo walivyo wakubwa, mtu akisema uongo kwa mpangilio anapewa zote, akisema ukweli anakatwa. Binti alimshika mkono, akamtoa nje kabla hajaomba kuonana na mkuu wa chuo.

Ijumaa asubuhi walikwenda pamoja ofisi ya ajira, kwa kuwa fundi alisema haendi na binti akampigia pasi shati. Alibaki kizingitini, hakutaka kuingia kwenye chumba chenye kiti cha kuzunguka. Binti akatia sahihi. Ofisa, kijana aliyevaa tai fupi, akampongeza, akamweleza kwamba kituo kitampa chumba cha kuishi: kitanda kipo, meza ipo, taa ipo.

"Friji?" fundi akauliza kutoka mlangoni.

Ofisa akasema friji haipo.

Fundi akaegemea fremu ya mlango. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, kwamba angependa kujua ni watu gani hao wanaomtoa mtu kwao, wakampeleka kutwa nzima ya safari, wakamweka kwenye nyumba isiyo na friji, halafu wakarudi kwa watoto wao wakalala. Ofisa akageuza kiti nusu duara. Binti akasema, "Baba, si lazima, nitazoea."

"Mlango wa hicho chumba una upana gani?" fundi akamuuliza ofisa.

Ofisa hakuwahi kuulizwa swali hilo tangu aajiriwe. Alifungua droo, akaifunga, akapekua jalada ambalo alijua halina mlango ndani yake. Mwisho akanyanyua simu, akapiga kituoni, na akasikika akimwomba mtu wa upande wa pili atafute futi kamba, ndiyo, futi kamba, kuna mzazi hapa. Kisha kukawa na kungoja. Fundi akavuka kizingiti, akaingia, akaketi mbele ya meza na mikono juu ya magoti.

"Mwambie apime na ngazi," akasema. "Na kona ya korido, kama ipo."