Fleti ya Bure ya Bwana Evaristo

Kwa miaka ishirini na sita Felisa alikuwa akipanga biskuti kwenye maboksi, na bahari aliijua kwa televisheni tu. Kwa hiyo Bwana Evaristo, mwenye kiwanda, alipotangaza mbele ya wafanyakazi kwamba mwaka huu fleti yake ya pwani, huko Benidorm, ingekuwa ya Felisa na mumewe Goyo, naye mfanyakazi wa humo humo, siku kumi na tano za Agosti, bure, Felisa alilia mpaka kofia ya kazini ikamvuka. Wenzake wakampigia makofi. Waliopiga kwa nguvu zaidi ni wale sita waliopata zawadi hiyo miaka ya nyuma.

"Pale ni peponi, shoga yangu," alisema Puri, aliyekwenda mwaka jana. "Peponi hasa."

Pepo yenyewe ilikuwa ghorofa ya tisa. Kwenye lifti palibandikwa karatasi ya kuomba radhi kwa ubovu, na karatasi ilikuwa imekwisha kuwa ya njano kwa ukongwe. Goyo alipanda na mabegi akihema kama mvukuto. Ndani walipokewa na harufu ya kabichi na dawa ya kuchua. Makabati yote yalipigwa kufuli. Kochi lilivishwa plastiki, kana kwamba makalio ya wafanyakazi yana kutu. Kila ukuta ulikuwa na katazo lake: usikaange samaki, usiingie na mchanga, usisogeze meza. Ile roshani iliyosifiwa sana kiwandani ilitosha kusimama kuku wawili waliopatana, nayo ilitazama jiko la jirani, ambamo mwanamume mwenye kitambi alikuwa akimenya vitunguu kifua wazi. Ukipinda shingo na kuning'inia kidogo, uliona bahari kiasi cha leso.

"Si mbaya," alisema Goyo.

Goyo alikuwa mtu wa "si mbaya". Hata mama yake alipozikwa kwenye tope, alisema kaburi si baya.

Mara sauti ikatoka chumba cha nyuma. "Mmechelewa! Dorina kaondoka tangu asubuhi, na mimi nimelowa!"

Felisa akasukuma mlango. Kitandani palikuwa na bibi kizee, mwembamba kama ufito, macho makali kama ya kunguru. Kando yake kiti cha magurudumu.

"Samahani, bibi. Wewe ni nani?"

"Leocadia, mama yake Evaristo. Na ninyi ndio wajinga wa mwaka huu. Njoo uninyanyue. Si hapo kwapani, mwanamke, utanivunja!"

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Felisa alipewa jembe kabla hajatua begi.

Kwenye friji palikuwa na orodha iliyoachwa na Dorina, mtumishi aliyekwenda kwao Rumania kupumzika: vidonge vya asubuhi, nepi, kuoga, supu isiyo na chumvi, vidonge vya mchana, kuchuliwa miguu. Chini yake Bwana Evaristo alikuwa ameongeza kwa mkono wake: "Sisi sote kiwandani ni familia moja. Jisikieni nyumbani." Felisa aliisoma mara mbili. Hakuwahi kuona mtu akitukana kwa mwandiko mzuri hivyo.

Akampigia Puri simu.

"Mbona hukuniambia?"

Puri akacheka kicheko chembamba. "Kwani mimi aliniambia nani? Niliporudi wakaniuliza, 'Bahari vipi?' Ningesema nini, nimekwenda kufua nepi? Wanicheke mwaka mzima? Nikasema peponi. Kumbe na wao walisema hivyo hivyo."

"Kwa hiyo ukanipigia makofi."

"Usikasirike, Feli. Siku kumi na tano zitapita."

Felisa akakata simu. Watu sita wamebebeshwa mzigo, na kila mmoja alipoutua alichofanya ni kuupaka rangi na kumsogezea mwenzake. Kondoo wana akili kuliko hao. Kondoo akitumbukia shimoni, angalau hulia.

Siku mbili zikapita. Felisa aliogesha, alipika, alifua, alichua miguu. Goyo alishuka kununua mkate na kurudi na mchanga kwenye viatu. Asubuhi ya tatu Felisa alitoa nguo yake mpya ya kuogelea begini, bado ina karatasi ya dukani. Akaitazama. Akatazama orodha kwenye friji. Kisha akampigia mumewe hesabu moja fupi: siku zikienda hivi, atazeeka hajalowesha kisigino baharini.

"Goyo, tunaondoka, au tunamwambia bosi wako amchukue mama yake."

Goyo akageuka mweupe kama unga wa kiwandani. "Umerukwa na akili? Msimamizi anastaafu Oktoba. Bwana Evaristo kanishika bega, kaniambia ananiangalia. Vumilia, mke wangu. Hiki ni cheo!"

"Cheo cha nani?"

"Changu. Yaani, chetu."

"Chako. Basi na mama wa cheo ni wako."

"Mimi? Mimi mwanamume, nitamwogeshaje mwanamke?"

Sauti ya Bi Leocadia ikapaa kutoka chumbani. "Nimezaa wanaume wanne na kuzika waume wawili! Hapa hana jipya la kuona! Mwambie apashe maji, na anawe mikono kwanza, maana jana nilimwona akijikuna!"

Felisa akavaa. Akatupia taulo begani. Goyo akamshika mkono mlangoni, sura imemlegea kama mtoto aliyeachwa sokoni.

"Feli, nepi inafungwa mbele au nyuma?"

"Muulize Bwana Evaristo," alisema. "Si anakuangalia?"

Akashuka ghorofa tisa bila kushika ukuta. Ufukwe ulijaa watu kama soko la Jumamosi, matumbo na miavuli, wazee wamekaa majini kwenye viti vyao. Akapenya. Bahari ilikuwa vuguvugu, na chumvi zaidi ya alivyodhani. Akaingia mpaka kifuani, akasimama hapo, mikono juu ya maji.

Karibu na saa sita alisikia jina lake. Goyo alikuwa amemteremsha Bi Leocadia apunge hewa, na majirani ndio waliomsaidia kwenye ngazi. Sasa alikuwa ameacha njia ya mbao ya ufukweni, na magurudumu yamezama mchangani. Shati limemganda mgongoni, na mbele ya shati supu.

"Felisa! Njoo unisaidie! Felisa!"

"Mwache aoge!" Bi Leocadia alimpiga Goyo mkononi kwa upepeo wake. "Sukuma, punda wewe! Msimamizi gani anashindwa na kiti?"

Watu wakageuka wakacheka. Felisa naye alimtazama mumewe kwa muda, jinsi mtu anavyotazama bidhaa aliyouziwa miaka mingi iliyopita bila kuifungua. Halafu akaziba pua na kuzama.