Severini na Bomba la Mvuke

Reli ilipokwisha kufika Morogoro, Wajerumani walijenga kiwanda cha katani upande wa Mikese. Severini, mhunzi kutoka kijiji cha misheni huko juu Uluguru, akapata kazi ya kufunga bomba refu la kupeleka mvuke kutoka kwenye boila hadi kwenye injini.

Kabla ya kuunganisha injini, ilibidi bomba lipulizwe kwa mvuke, litoke kutu na mchanga.

"Chuma kikipata moto hurefuka," Bwana fundi, Mjerumani mpole asiyeachwa na homa, aliwaambia wafanyakazi. "Kikikosa pa kwenda, kitapasuka."

Ndiyo maana bomba lililazwa juu ya vigurudumu, lipate kuteleza. Severini aliwekwa peke yake kule mwisho wa bomba, mvuke utakapotokea, alitazame. Akipunga kitambaa chekundu, mwenzake Mwinjuma, aliyeshika koki kwenye boila, afunge mara moja.

Koki ikafunguliwa. Mvuke ukatoka kwa kishindo kilichoshinda radi zote alizowahi kuzisikia milimani. Bomba likasogea kidogo, kisha likagoma. Kipande cha saruji kilikuwa kimedondoka ukutani na kukwama mbele ya kigurudumu. Bomba likaanza kubinuka kando kama upinde. Severini akapunga kitambaa, akapunga tena, lakini wingu la mvuke lilikwisha kumfunika. Hakuna aliyemwona. Angeweza kukimbia, ila Mwinjuma na wengine walikuwa wamesimama kando ya bomba hilohilo.

Akachukua nyundo, akainama karibu kabisa na mdomo wa mvuke, akapiga mpaka saruji ikavunjika. Bomba likaruka, likateleza, likanyooka.

Watu walimjia mbio. Mwinjuma akamkumbatia, midomo ikimcheza.

"Sema kwa sauti, ndugu yangu!" Severini alimwambia, na hata sauti yake mwenyewe hakuisikia.

Masikio hayakupona. Alipopanda nyumbani, mkewe Bernadeta alimwambia maneno mengi pale mlangoni. Yeye aliona machozi tu. Binti yao Agnes alizoea kumvuta shati. Watu walipocheka, naye alicheka, amechelewa.

Akarudi kiwandani. Kila bomba jipya lilipopulizwa walimwita yeye, maana kelele haikuwa na la kumfanya tena. Wengine walikaa mbali, wameziba masikio. Severini alisimama kule mwisho, ardhi ikimtetemekea miguuni, akizungumza kwa Kiluguru na Bernadeta aliyebaki milimani, kana kwamba yuko mbele yake.