Kivimbe cha Léonard

Victorine alikuwa na ulimi. Kambi nzima ya reli pale Élisabethville ilimjua mjane huyu: akitaka jambo liende, litakwenda, upende usipende. Na jambo alilolitaka kuliko yote lilikuwa moja tu, kumwona mwanawe wa pekee, Léonard, amesimama altareni kama padri, anainua hostia, mkate wa misa.

Mwaka mmoja kabla ya vita vya Wazungu, Léonard alikuwa amebakiza kidogo kumaliza seminari. Likizo ile walikwenda Pweto, kando ya ziwa, kwenye matanga ya nyanya yake, wakanyolewa vichwa kama desturi. Siku za kurudi zilipokaribia, Victorine akaona kivimbe shingoni mwa mwanawe, upande wa kuume, nyuma kidogo. Moyo ulimlipuka! Enzi hizo hakuna aliyetoka kando ya ziwa lile bila karatasi ya afya, na kabla ya kuitoa, wauguzi walipapasa shingo za watu mmoja mmoja. Mwenye kivimbe alishukiwa malale, ugonjwa wa usingizi, akazuiliwa miezi na miezi. Seminari ingefunguliwa bila yeye.

Angeweza kumwacha apimwe. Lakini Victorine na kungoja, wapi na wapi! Alimburuta hadi kwa mjomba wake Chileshe, mzee aliyepasua majipu.

“Toa hii kitu,” akamwambia.

Hata Chileshe alisita. “Mutoto wangu, shingo haiko muguu. Acha kwanza.”

“Mujomba, nakuomba, toa!”

Léonard hakutaka, ila hakuwahi kumwambia mama yake hapana. Wembe ukaingia, kivimbe kikatoka. Jeraha lilipofunga, muuguzi alipapasa shingo, akaambiwa kovu ni la jipu, karatasi ikatolewa. Njia nzima Victorine aliimba. Aliimba, jamani!

Bega lilianza kuuma kabla hawajafika mjini. Léonard akarudi seminari, akajikaza, akanyamaza karibu mwaka mzima. Siku ya mazoezi ya misa mkono wa kushoto ulipanda, wa kuume ukagoma usawa wa bega. Gambera, padri mkuu wa seminari, akamtuma hospitali, Élisabethville, na Victorine akafuatana naye.

Daktari alimvua shati, akamwambia apandishe mabega yote mawili. La kushoto lilifika karibu na sikio. La kuume lilining'inia tu. Akamwambia asukume ukuta, na mfupa wa bega ukachomoza mgongoni kama kifuniko kisichokaa vizuri. Daktari akagusa lile kovu, akasema maneno mengi kwa Kifaransa. Muuguzi Kalenga, aliyekuwa akitafsiri, akamgeukia Victorine.

“Mama, pa shingo munapita mushipa moja ndogo. Ile ndiyo inapeleka nguvu ku bega. Ule mwenye alitoa kivimbe aliikata.”

“Basi ashone!”

“Kama mungekuya mbio, angejaribu. Sasa nyama ya bega inakauka.”

Daktari akauliza jambo jingine: siku zile za kivimbe, kijana alikuwa na vidonda kichwani? Ndiyo, akajibu Léonard, wembe wa matanga ulimchuna, pakatunga usaha. Damu yake ilipimwa pia; malale hakuna. Kalenga alishusha sauti.

“Mama, kivimbe ilitokea ku bile bidonda. Ingeisha yenyewe.”

Victorine akaokota shati, akamvika mwanawe, mkono wa kuume kwanza.

Dawa iliyobaki ilikuwa kitambaa cha kubebea mkono, kukandwa, na kamba iliyopitishwa juu ya boriti ya baraza: mkono mzima unavuta, mgonjwa unapanda. Victorine ndiye aliyekanda kila asubuhi, na kila asubuhi alilia.

“Nilikuharibia maisha, baba.”

“Mama, acha. Nipe kamba.”

Maumivu yalipungua. Mkono haukupita bega. Gambera akasema, kwa upole kabisa, kwamba sheria ya Kanisa haimruhusu padri asiyeweza kuinua hostia na kalisi, kikombe cha divai, kwa usalama. Léonard akabaki nyumbani, akawa mwalimu wa katekisimu.

Kisha rafiki yake wa darasa, Clément, akapewa upadri. Alipokuja kusoma misa yake ya kwanza kanisani kwao, alimwomba Léonard amtumikie. Victorine alijiapiza kwamba wakati wa kuinua hatatazama.

Alitazama. Clément aliwapa watu mgongo, kama misa ilivyosomwa enzi hizo, akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, hostia ikaonekana. Nyuma yake Léonard alikuwa amepiga magoti. Mtumishi ana kazi yake wakati huo: hupiga kengele, na huinua kidogo upindo wa vazi la padri ili mikono ya padri iwe myepesi. Kengele ilikuwa katika mkono wa kushoto. Upindo aliushika kwa mkono wa kuume, uleule, akauinua hadi kifuani.

Kwa kazi hiyo, mkono ulitosha.