Tuzo ya Mama Taarifa

Barua ya kituo cha televisheni ilipofika, mdogo mtu aliisoma kimya, kisha akaisoma tena kwa sauti kando ya kitanda cha dada yake. Kituo kilikuwa kimeanzisha tuzo ya waandishi wa habari na kuipa jina la dada, mwanamke wa kwanza kuongoza chumba cha habari pale. Mji mzima ulimjua kama Mama Taarifa. Kiharusi kilikuwa kimemlaza mwaka wa pili sasa. Upande wa kulia ulipooza na ulimi ukafungwa, lakini akili ilikuwa timamu; mdogo mtu, muuguzi mstaafu, hakuwa na shaka na hilo. Liliposomwa jina la meneja aliyetia sahihi, mgonjwa aligeukia ukutani.

Miaka sita nyuma kiwanda cha magodoro kiliungua kikiwa kimefungwa kwa nje, wafanyakazi wamo ndani. Meneja huyohuyo alipiga simu akaamuru picha zisitoke, maana mwenye kiwanda alikuwa mtu wake wa karibu. Mama Taarifa akazirusha. Kesho yake alikuta vitu vyake koridoni, ndani ya boksi la sabuni.

Hata hivyo walikwenda kwenye hafla ya kutoa tuzo. Mdogo mtu alijiambia kwamba dada anastahili kupigiwa makofi angali hai. Akamvalisha, akamchana nywele, akamsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi mstari wa mbele, chini ya taa kali.

Meneja alimwaga sifa. Alisema mama yetu huyu alistaafu kwa hiari yake, na kwamba walimbembeleza abaki, akakataa. Hapo Mama Taarifa akaanza kulia. Mabega yalimtetemeka, mate yakamchuruzika, mkono wa kushoto ukawa unapigapiga kiti. Ukumbi ukasimama na kumshangilia.

Mshindi, ripota wa mahakamani, alishuka jukwaani na kipaza sauti mkononi, akapiga magoti mbele yake.

“Usilie, mama. Sote tunakupenda.”

Mdogo mtu alishindwa kujizuia. “Halii kwa furaha, mwanangu. Dada hakustaafu. Walimfukuza kwa ajili ya picha za kiwanda.”

Ripota alikitazama kipaza sauti, akamtazama meneja, kisha akakizima kwa kidole gumba.

“Nina watoto, mama,” alinong'ona.

Jioni ile taarifa ya habari ilionyesha uso wa Mama Taarifa umelowa, na mtangazaji akasema ni machozi ya furaha. Mdogo mtu alitaka kuzima, dada akamshika kiganja. Aliitazama taarifa yote, mpaka hali ya hewa, macho makavu.

Siku ya tisa alifariki. Kituo kilipopiga simu kuomba picha ya kutangazia msiba, mdogo mtu alisema hana. Wakatumia ileile ya machozi.