Kifaranga Juu ya Jeneza

Walimkuta Teodulo amekufa maji, amekwama kwenye nguzo ya pili ya daraja, gunia la mbata, nazi kavu za kuuza, bado limefungwa mgongoni. Mbata zilikuwa zimelowa zikawa nzito kama mawe. Ilibidi wakate kamba kwa panga ndipo wakaweza kumlaza chali.

Daraja lenyewe lilikuwa nguzo mbili na picha ya Meya. Nguzo zilisimamishwa binti wa Teodulo na mkewe Leonila akiwa bado ananyonya, sasa ameolewa. Picha ndiyo iliyokuwa ikibadilishwa, kila uchaguzi. Lori haliwezi kuvuka, kwa hiyo mnunuzi husubiri ng'ambo na mizani yake, na bei ni ile atakayotaja yeye. Nani atarudi na gunia mtoni?

Jioni Meya alikuja matangani. Walinzi walimvusha mabegani, viatu vyake havikulowa. Nyuma yake lilifuata shada la maua pana kuliko mlango, na utepe wenye jina lake.

"Pole, mama. Teodulo alikuwa mtu wangu."

Mfiwa hashukuru matangani, na safari hii Leonila aliipenda mila hiyo.

"Na huyu?"

Meya alikuwa amemwona kifaranga. Alikuwa juu ya kioo cha jeneza, anadonoa punje za mchele usawa wa uso wa marehemu. Waliokuwa wakikesha kwa kucheza karata waliziweka chini. Kwa mila yao, kifaranga huwekwa juu ya jeneza la mtu aliyeuawa tu. Kila anapodonoa, anamdonoa muuaji rohoni.

"Mama, mumeo alizama."

"Alizama, Bwana Meya."

"Sasa kauawa na nani? Na mto?"

"Mto haujawahi kutafuna saruji ya daraja."

Mtu alipaliwa na kahawa. Meya alitabasamu vilevile kama pichani.

"Jeneza hili nimelitoa mimi. Mkinitukana, daraja nitawamalizia kwa moyo gani?"

Anselmo, mdogo wake marehemu, aliinama sikioni mwa Leonila. "Shemeji, nakuomba. Mtoe. Tutakosa hata barabara."

"Barabara ipi, shemeji?"

"Ile aliyoahidi."

Kicheko kilimtoka mtu kwenye meza ya karata, kikakatika. Meya alimtazama mlinzi wake tu. Mlinzi akamchukua kifaranga, akafumba ngumi. Ilisikika sauti ndogo, kama ganda la karanga.

Leonila aliinuka. Alishuka ngazi, akainama chini ya sakafu ya mianzi ambako kuku wake hulala, akarudi amefumbata mwingine. Akamweka palepale. Akamnyunyizia mchele.

"Unao wangapi?" Meya hakuwa akitabasamu tena.

"Kuku bado analalia, Bwana Meya."

Meya alipoondoka, hakuna aliyemsindikiza.

Siku kadhaa baadaye, asubuhi ya mazishi, walikuta kitambaa kipya kimetundikwa kwenye nguzo: uso wa Meya, na chini yake maneno ya rambirambi. Makaburi yako ng'ambo. Wanaume waliinua jeneza juu ya vichwa vyao wakaingia majini, na kifaranga alikuwa juu yake, kafungwa mguu kwa uzi. Leonila alitembea pembeni, maji kifuani, macho hayabanduki kwenye ile picha.

"Donoa, mwanangu," alinong'ona. "Anza na macho."

Nyuma ya jeneza, kwa kuwa walikuwa wanavuka hata hivyo, walifuata wanaume wenye magunia ya mbata. Anselmo alikuwa wa mwisho. Mgongoni alibeba gunia la Teodulo, mbata zimeanikwa zikakauka, limefungwa kwa kamba ileile, yenye fundo pale ilipokatwa na panga.

Ng'ambo, mnunuzi alivua kofia jeneza lilipompita. Kisha akaivaa, akaning'iniza mizani.