Shirazi Haina Bahari

Bibi Masouda alikuwa mtu wa kuyaacha mambo yapite, lakini alilolisema mwanawe Suud asubuhi ile halikupita. Lilimkaa kooni mpaka chai ikapoa.

"Mama," alisema Suud, naye kasimama mlangoni kavaa dishdasha, kanzu yake ya kazini, "Ijumaa wazee wa Wael wakija kumposa Bashayer, wataulizia asili yetu. Nitawatajia ukoo wa marehemu baba. Unatosha. Hayo ya Makunduchi tuyaache."

"Makunduchi ndiko kwa mama yangu, Suud."

"Najua, Mama. Si kwa ubaya. Watu wana maneno tu juu ya damu ya Kiafrika."

Akambusu kichwa, akatoka. Bibi Masouda hakumkasirikia. Alijua kuwa baba mtu huogopa posa ya bintiye isije ikaharibika kwa neno moja. Desturi yao Maskati ni hiyo: wazee wa pande mbili hukaa, wakatajiana mababu, kisha husomwa Fatiha, na Fatiha ikishasomwa harudi mtu nyuma. Lakini mama yake, Mize binti Pandu, alizikwa kusini ya Unguja miaka thelathini iliyopita, na katika nyumba nzima ile ya mtaa wa Ansab hapakuwa na mwengine wa kumtaja ila yeye. Asipotajwa Ijumaa, watoto wa Bashayer watazaliwa bila ya kujua kuwa aliwahi kuwapo.

Silaha yake ilikuwa moja tu, nayo ni Shirazi. "Sisi hatukuokotwa," alikuwa akisema Mize huku akisuka ukili. "Wazee wetu walitoka Shirazi, Uajemi, kwa majahazi saba." Na Bibi Masouda mji ule aliuona tangu utotoni mwake: nyumba nyeupe, gati refu, milango imeelekea maji, na majahazi saba yamefungwa kamba yakingoja. Ndivyo alivyowahadithia wanawe, kisha wajukuu. Bashayer alipokuwa darasa la nne aliuchora mji huo, akaipaka bahari mpaka kalamu ya buluu ikaisha.

Jumatano Bashayer alimpeleka kliniki ya Ghubra kwa mazoezi ya goti. Aliyekuwa akimnyoosha goti mwezi ule alikuwa mwanamke mpya, wa makamo, mikono yake laini, Kiarabu chake kina lafudhi ya Kiajemi. Jina lake Mahin. Bibi Masouda alikwishampenda tangu siku ya kwanza, kwa sababu kabla ya kumgusa mgonjwa alikuwa akiipasha mikono yake joto.

"Kwenu wapi khasa, mwanangu?" alimuuliza.

"Iran, Mama. Mji wa Shiraz."

Bibi Masouda aliinuka kitandani kwa kasi hata Bashayer akacheka. "Bibi, goti!"

"Liache goti! Wallahi, Shirazi! Ndiko kwa wazee wa mama yangu huko! Hebu niambie, gati bado lipo? Na zile nyumba za ufukweni?"

Mahin alimtazama, akatabasamu kwa kutoelewa. "Gati gani, Mama? Shiraz haina bahari. Mji wetu ni wa milimani. Kufika pwani ni mwendo wa saa nne, tano kwa gari, na njia yote ni kushuka majabali."

Bibi Masouda alirudi kujilaza polepole, akalitazama dari. Umri wa miaka sabini na tano, na watoto wote aliowahadithia! Na Ijumaa angelisema hilo hilo mbele ya wageni, na katika wageni angekuwamo mmoja aliyesoma, akacheka.

Bashayer alimshika kidole. "Bibi, nisikufiche. Hata chuoni mwalimu wetu wa historia alitwambia wengi waliojiita Washirazi huenda hawakutoka huko. Ni jina tu walilolipenda."

"Na wewe ulijua ukanyamaza?"

"Ulikuwa ukihadithia kwa raha, Bibi. Ningekukata vipi?"

Mahin alielewa kuwa kuna kitu kimemvunja moyo mgonjwa wake, ijapokuwa Kiswahili hakujui. Mgonjwa mwengine alikuwa akingoja nje. Hata hivyo alivuta kiti, akakaa, akatoa simu yake. Wema huo Bibi Masouda aliuweka moyoni.

"Tazama, Mama. Huu ndio mji wangu. Umekaa juu kama vile uko nusu ya njia ya kupanda mlima wenu wa Jabal Akhdar. Milima imeuzunguka, na wakati wa baridi ile milima ya nyuma hushika theluji. Lakini mwezi wa nne maua ya mindimu na michungwa hunukia mitaani, mpaka watu huacha madirisha wazi usiku kucha."

"Mji wa zamani?"

"Jina lake limeonekana kwenye vipande vya udongo vilivyoandikwa kabla ya Nabii Isa. Wamongoli walipoteketeza miji, wetu ulisalimika, kwa sababu mtawala wake alikubali kuinamisha kichwa ili raia wasalimike. Baadaye tukapata mtawala mwengine, akakataa kuitwa mfalme. Alisema yeye ni wakili wa raia, basi. Msikiti wake mpaka leo unaitwa Msikiti wa Wakili." Mahin alicheka. "Wairani wenzetu hutuita wavivu. Eti Mshirazi akiona kivuli na birika la chai, hana safari tena. Sisi tunasema tuna subira."

"Mama yangu alikuwa na subira," alisema Bibi Masouda. "Lakini uvivu, hapana."

Mahin akafungua picha nyengine. Lilikuwa lango kubwa la matao, limesimama baina ya majabali mawili. "Hapa ndipo mwisho wa mji. Zamani juu ya lango hili palikuwa na chumba, na ndani yake Misahafu. Kila anayesafiri alipita chini yake apate baraka. Waliokwenda kupanda vyombo bandari ya Siraf, na wao walitoka mjini kwa miguu na nyumbu. Siku nyingi, Mama, kabla hawajaiona bahari."

Bibi Masouda aliishika ile simu kwa mikono miwili. Hakuwa akiliona lango tena. Alikuwa akiuona mlango wa Makunduchi, mwaka alioolewa akaambiwa mumewe anahamia Maskati. Mize alipanda juu ya kibao, akauinua Msahafu kwa mikono yake yote, akasema, "Pita, mwanangu. Pita, usigeuke." Naye alipita, wala hakugeuka. Hawakuonana tena.

Aliirudisha simu, akaomba kitambaa cha kupangusia macho. Kisha akamsimulia Mahin sherehe ya Mwaka kwao: wanaume wakipigana kwa migomba, wanawake wakiimba, kibanda cha makuti kikitiwa moto na mtu yumo ndani, akachomoka mbio moto ukimfuata. Mahin alipiga makofi kama mtoto. "Na sisi tunaruka moto, Mama! Siku za mwisho kabla ya Nairuzi, mwaka wetu mpya!"

"Nairuzi," alisema Bibi Masouda. "Hata sisi wazee walikuwa wakiita hivyo."

Garini Bashayer aliuliza, "Sasa, Bibi, ni Washirazi kweli au si kweli?"

"Sijui, mjukuu wangu. Na mama yangu hakujua kama kuna mlima. Alilojua ni vipi anaagwa msafiri."

Ijumaa baada ya Alasiri wageni walifika. Mkubwa wao alikuwa Mzee Murshid, babu yake Wael, mtu mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, mzaliwa wa Tabora. Watu wa Oman waliotoka bara na wale wa Unguja hawaachi kuchokozana, na yeye alianza hata kabla ya kuvua viatu. "Halwa ya Unguja hiyo? Basi nitakula kidogo, nisije nikaanza kudeka."

Walicheka, wakakaa, kahawa ikazunguka. Suud alitaja mababu wa baba yake mmoja mmoja, vizuri, bila ya kukosea. Mzee Murshid akataja wake. Kisha akageuka.

"Na kwa upande wa kukeni, Bwana Suud?"

"Mama ni wa Unguja," alijibu Suud upesi. "Bashayer, wape wageni kahawa."

Bibi Masouda alikiweka chini kikombe chake. "Suud, mwanangu, nipe ruhusa." Hakungoja kupewa. "Mzee Murshid, mama yangu ni Mize binti Pandu, Mshirazi wa Makunduchi. Nilikuwa nikiwaambia watu kuwa Shirazi ni mji wa pwani. Nimejifunza juzi tu kwamba nilikosea. Ni mji wa milimani, haujui hata harufu ya bahari. Kama sisi tumetoka huko kwa damu, Mungu ndiye ajuaye. Lakini jina lile mama yangu alilibeba kwa adabu. Hakumsengenya mtu, hakumrudisha mgeni na njaa, na siku ya kuniaga alinipitisha chini ya Msahafu, kama wanavyoagwa watu wa mji ule. Mjukuu wangu ana asili hiyo pia. Nimeona mjue kabla ya Fatiha."

Bashayer alikuwa amesimama na dele la kahawa mkononi, hatikisiki. Suud aliangalia zulia. Mzee Murshid naye alimaliza kutafuna tende yake, akaitoa kokwa.

"Milimani?" aliuliza mwishowe.

"Milimani."

"Mbali na pwani?"

"Saa tano kwa gari."

Mzee Murshid alipiga goti lake. "Subhanallah! Miaka yote hii mnatucheka sisi watu wa bara, kumbe na nyinyi ni wa bara!"

Kicheko kilitoka pande zote mbili, na Bibi Masouda alicheka mpaka ushungi ukamteleza. Kilipotulia, mzee yule akasema kwa upole, "Mama aliyemuaga mwanawe hivyo, Bi Masouda, hafichwi. Tumsomee na yeye. Bwana Suud, wewe ndiye mwenye nyumba. Tuongoze."

Suud aliinua mikono. Bibi Masouda aliingiwa na khofu kuwa atalikwepa tena jina.

"Kwa nia ya kheri ya watoto wetu, Wael na Bashayer," alisema Suud, sauti ikipanda kila neno. "Na kwa marehemu baba yangu. Na kwa bibi yangu, Mize binti Pandu Vuai, wa Kajengwa, Makunduchi. Al-Fatiha."

Wengine walikwishaanza kusoma. Bibi Masouda alichelewa, kwa sababu yeye hakuwa amemtaja Vuai, babu yake Mize, wala mtaa wa Kajengwa. Alimkumbuka Suud wa miaka saba, kalala kifudifudi sakafuni, ulimi nje, akimwandikia anuani juu ya bahasha za Unguja, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mama yake. Kumbe jina zima alikuwa nalo siku zote.

Akainua mikono, akasoma.